Wagonjwa Waliojificha Kwenye Foleni

Kwa zaidi ya miaka 40 wataalamu wa afya ya umma wamekuwa wakihimiza kwamba mtu mwenye maradhi ya akili atibiwe karibu na kwake, katika zahanati ileile anakopimwa malaria na anakochanjwa mwanawe, badala ya kusafirishwa hadi hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ambayo jina lake pekee latosha kumvunjia heshima mbele ya majirani. Hoja hiyo ilikubalika karibu kila mahali, ikaandikwa katika sera za mataifa na katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lakini nchini Kenya haikuwahi kupata jaribio zito kama lile lililoanza tarehe 13 Machi 2020, siku ambayo mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa. Jaribio hilo lilifichua jambo ambalo sera hazikuwa zimelizingatia vya kutosha: kile hasa kinachoifanya zahanati imfae mtu aliyeelemewa na mawazo, yaani msongamano wa shida za kawaida ambamo shida yake hupita bila kutambuliwa, ndicho kilichotangulia kuvunjika janga lilipoingia.

Maradhi ya kuambukiza na maradhi ya akili yaliwahi kukutana mapema katika historia ya Nairobi. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwahifadhi watu walioitwa wendawazimu, ilikuwa kabla ya hapo kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mabadiliko hayo hayakuhitaji fikra mpya kwa upande wa serikali ya kikoloni, kwa kuwa kazi ya mahali pale ilibaki ileile: kumweka kando mtu ambaye jamii haitaki kumkaribia. Fikra za kuuacha utaratibu huo zilitoka pande nyingi. Nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza katika miaka ya 1950 kuwatibu wagonjwa huku wakiishi na jamaa zao katika vijiji vilivyoizunguka hospitali ya Aro, Abeokuta. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza kwamba huduma ya msingi ndiyo njia ya kuwafikishia watu wote afya. Na katika miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa WHO na Denmark, ilijaribu katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro kuwafunza wahudumu wa zahanati za vijijini kutambua kifafa na maradhi ya akili na kuyatibu kwa dawa chache za msingi. Inafaa kulikumbuka hilo kila mradi mpya unapotangaza kwamba umefikisha huduma ya akili kijijini kwa mara ya kwanza.

Msingi wa utaratibu wa kutibu maradhi ya akili katika zahanati, ambao WHO iliupa sura ya mpango maalumu mwaka 2008, ni kugawana majukumu, maana yake kazi iliyokuwa ya daktari bingwa kukabidhiwa kwa kiasi fulani muuguzi, tabibu au hata mkazi wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi na anayesimamiwa kwa karibu. Kenya, iliyohesabu watu milioni 47.6 katika sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wapatao 100 hivi, wengi wao wakiwa Nairobi na katika miji mingine mikubwa, kwa hiyo kugawana majukumu hakukuwa suala la kupenda au kutopenda. Mfumo wa afya wa nchi hiyo una ngazi 6, ya kwanza ikiwa ile ya jamii inayohudumiwa na wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba, ya pili zahanati, ya tatu kituo cha afya, na juu yake hospitali za kaunti na za taifa. Na karibu kila mtu anayeugua sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu hamu ya kazi, chakula na watu, hukutana na mfumo huo katika ngazi tatu za chini, kama anakutana nao kabisa.

Hukutana nao, hata hivyo, kwa jina lingine. Mama anayefika zahanati akisema kwamba kichwa kinamgonga, kwamba moyo unamwenda mbio usiku, kwamba tumbo linawaka na dawa za vidonda vya tumbo hazijamsaidia, hasemi uongo wala hafichi. Mwili wake unauma kweli, na maumivu hayo ndiyo lugha inayompa haki ya kukaa kwenye benchi pamoja na wengine. Kadirio linalotajwa mara nyingi katika nyaraka za Serikali ya Kenya ni kwamba hadi robo ya wagonjwa wanaohudumiwa bila kulazwa wana tatizo fulani la akili. Muuguzi aliyefunzwa anaweza, baada ya kupima shinikizo la damu, kutumia hojaji fupi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na swali la mwisho likiwa lile ambalo wauguzi wengi huona ugumu kulitamka, yaani kama mgonjwa amewahi kufikiri kwamba heri afe au ajidhuru. Jumla ikifika 10 au zaidi, kuna sababu ya kumketisha tena na kuzungumza naye. Hayo yote hufanyika ndani ya chumba kilekile, kwa kadi ileile, na anapotoka hakuna jirani anayeweza kusema alikwenda kutibiwa nini.

Mfano uliochunguzwa kwa makini kuliko mingi barani ni wa Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, ambako daktari bingwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare kufanya kazi na wanawake wazee 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa kujitolea. Alikuwa amempoteza mgonjwa aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini, na kutokana na hilo alifikia uamuzi kwamba huduma isiyoweza kufikiwa kwa miguu ni nusu ya huduma. Kliniki za manispaa hazikuwa na chumba cha kumpa, basi mabenchi ya mbao yakawekwa uani, chini ya miti, na bibi mmoja aliyeheshimika mtaani akaketi na mgonjwa mmoja kwa mikutano isiyozidi 6, wakiyataja matatizo yote, wakichagua moja, wakitafuta hatua ndogo inayowezekana kuchukuliwa wiki hiyo. Njia hiyo kitaalamu huitwa tiba ya utatuzi wa matatizo, na nguvu yake ni kwamba haimwambii mtu kuwa akili yake ndiyo yenye kasoro wakati tatizo lake ni kodi ya nyumba, mume mlevi, au matokeo ya kipimo cha VVU. Baada ya mikutano, wagonjwa wengi hujiunga na vikundi ambamo hufuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika huku wakizungumza.

Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016, ukiwahusisha watu 573 ambao takriban 4 kati ya kila 10 waliishi na VVU, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya walioketi na mabibi hao, ikilinganishwa na asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Tofauti kubwa kiasi hicho si jambo la kila siku katika utafiti wa tiba. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine uliofanyika pembezoni mwa Nairobi na kuwahusisha wanawake 518, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii wasio na shahada ya saikolojia waliweza kupunguza msononeko wao kwa mikutano 5 tu. Mabenchi ya Harare nayo yalivuka mipaka, yakafika Malawi, Zanzibar na hata New York.

Ukiyatazama mafanikio hayo kwa jicho la mtu anayepanga kukabiliana na maambukizi ya njia ya hewa, utaona yamesimama juu ya mambo mawili ambayo Covid-19 iliyapiga marufuku kwa pamoja: watu wawili kuketi bega kwa bega kwa muda mrefu, na mmoja wao kuwa mzee. Zimbabwe ilifunga shughuli zake tarehe 30 Machi 2020, na mabibi ambao umri wao ndio uliowapa mamlaka ya kusikilizwa wakawa, kwa sababu ya umri huohuo, watu wa kwanza kuambiwa wasitoke nyumbani. Sehemu ya huduma ilihamishiwa kwenye simu na ujumbe wa WhatsApp, na kazi haikufa. Lakini benchi lililokuwa uani mwa kliniki, ambalo mtu angeweza kulifikia bila miadi akiwa amemleta mtoto kupimwa uzito, lilipoteza maana yake kwa kipindi kile.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia tofauti kidogo, na pengine mbaya zaidi, kwa sababu zahanati yenyewe iligeuka kuwa mahali pa kuogopwa. Mtu aliyekohoa mbele ya muuguzi alijua kwamba anaweza kuchukuliwa na gari la wagonjwa lenye watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, apelekwe karantini, yaani mahali pa kutengwa kwa siku zisizopungua 14, na katika wiki za mwanzo alilazimika kulipia malazi hayo mwenyewe, hadi Serikali ilipotangaza mwezi Mei 2020 kwamba ingebeba gharama. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lilikuwa kuitumia karantini kama adhabu: mwezi Aprili maofisa walitangaza kwamba waliovunja amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi, wangepelekwa huko. Hatua ya kitabibu inapotumiwa kuadhibu, mtu mwenye hofu hatofautishi tena kituo cha afya na kituo cha polisi, na mtu mwenye sonona au wasiwasi uliopita kiasi ndiye anayekuwa mwepesi kuliko wote kubaki nyumbani.

Basi wagonjwa wa kawaida wakapungua, na foleni ilipopungua, aliyekuwa akijificha ndani yake akabaki peupe. Huduma ya akili katika zahanati haikuwa na mlango wake wala siku yake, na mara nyingi haikuwa hata na safu yake katika fomu za taarifa za kila mwezi. Ilitegemea dakika chache zilizoibwa kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Muuguzi alipohamishiwa kwenye upimaji wa joto langoni au kwenye kituo cha kutengea wagonjwa, hakuna aliyetangaza kwamba huduma ya akili imefungwa, kwa kuwa kilichofungwa hakikuwahi kuandikwa ukutani. Uchunguzi wa WHO uliotolewa mwezi Oktoba 2020, uliohusisha nchi 130, ulionyesha kwamba asilimia 93 ya nchi hizo zilikuwa zimevurugikiwa na huduma muhimu za afya ya akili, na kwamba ingawa asilimia 89 zilisema afya ya akili imo katika mipango yao ya kukabiliana na janga, ni asilimia 17 pekee zilizokuwa na fedha kamili za nyongeza kwa kazi hiyo. Pengo hilo kati ya maandishi na fedha haliwashangazi wanaofuatilia bajeti za kaunti.

Wakati huohuo haja ya huduma ilikuwa ikiongezeka, na mwaka 2022 WHO ilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga sonona na maradhi ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25. Kenya ilikuwa na sababu zake za ziada. Jiji la Nairobi na viunga vyake vilifungwa kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai 2020, vibarua wakakosa kazi, shule zikafungwa kwa sehemu kubwa hadi Januari 2021. Mazishi yaliwekewa kikomo cha waombolezaji 15, hatua iliyokuwa na maana kitabibu lakini iliyowanyima watu wa Nyanza, Magharibi na Pwani matanga, na tendo la maombolezo ya pamoja, hata lisipoitwa tiba, lilikuwa kwa vizazi vingi ndilo linalomzuia mfiwa asibaki peke yake na msiba. Mazishi ya usiku yaliyofanyika Siaya mwezi Aprili mwaka huo, maiti ikifukiwa haraka na watu waliovalia mavazi ya kujikinga, yaliwaumiza hata wasiomjua marehemu.

Upande wa dawa ndio ulioonyesha wazi kwamba kuna mambo yaliyoweza kufanywa bila fedha nyingi. Mgonjwa wa skizofrenia, maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo au aamini mambo ambayo hayapo, mara nyingi hutulizwa kwa sindano ya fluphenazine ambayo hudumu mwilini takriban mwezi mmoja, na mgonjwa wa kifafa, ambaye katika nchi nyingi za Afrika hutibiwa katika kliniki hiyohiyo, humeza vidonge kila siku bila kukosa. Miadi ya sindano ikipita kwa sababu ya barabara kufungwa, nauli kupanda maradufu kutokana na matatu kuruhusiwa kubeba abiria wachache, au kliniki kuahirishwa, dalili hurudi taratibu, kwanza kukosa usingizi, kisha shuku, kisha vurugu, na familia hujikuta imerudi kwenye kamba na chumba kilichofungwa kwa nje. Mpango wa kupambana na UKIMWI ulikuwa na jibu mkononi: wagonjwa waliokuwa imara walikuwa tayari wakipewa dawa za kupunguza makali ya VVU za miezi mitatu kwa mara moja, utaratibu uliopanuliwa haraka baada ya janga kuanza, na baadhi ya wahudumu wa jamii waliwapelekea dawa hadi karibu na nyumbani. Kwamba utaratibu huo haukuhamishiwa upesi kwa wagonjwa wa akili, ambao wengi wao walihudumiwa katika majengo hayohayo, hakuelezwi na ugumu wa kitabibu, isipokuwa kwa dawa chache zinazohitaji tahadhari kwa sababu kuzimeza nyingi kwa pamoja kunaweza kuua. Kunaelezwa na ukweli kwamba mpango wa UKIMWI ulikuwa na wafadhili, takwimu na watetezi, nao wagonjwa wa akili hawakuwa na lolote kati ya hayo.

Simu ilisifiwa mno katika kipindi hicho. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulitoa ushauri nasaha kupitia nambari ya bila malipo 1199, na bila shaka kuna waliookolewa nayo. Lakini ushauri kwa simu hudhani kwamba mpigaji ana mahali pa faragha, jambo ambalo halipo katika chumba kimoja cha mabati Mathare au Kibera ambamo watu sita wamefungiwa na amri ya kutotoka nje, na hasa halipo kwa mwanamke ambaye anayemdhulumu ameketi kitanda hichohicho. Kwa mwanamke huyo safari ya kwenda zahanati kumpeleka mtoto chanjo ilikuwa ndiyo ruhusa pekee ya kutoka peke yake, na ushauri uliopatikana humo haukuacha rekodi kwenye simu ambayo mume huikagua. Huenda hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutoihamisha huduma ya akili kutoka kwenye jengo hilo hata teknolojia itakapokuwa nzuri.

Waliotarajiwa kuyabeba haya yote walikuwa nao wameelemewa. Wauguzi na matabibu wa Kenya waligoma mwezi Desemba 2020 wakidai, pamoja na mambo mengine, vifaa vya kujikinga na bima, na katika mjadala wa mgomo huo hofu yao ya kupeleka maambukizi nyumbani ilizungumzwa kama dai la kazi tu, si kama mzigo wa akili. Chini yao walikuwapo wahudumu wa afya ya jamii, ambao katika kaunti nyingi walifanya kazi kwa kujitolea, wakiombwa kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa, kugawa barakoa na kuwatuliza waliofiwa, wakati mwingine bila barakoa za kwao wenyewe. Mwezi Septemba 2023 Serikali iliwatambua wapatao 100,000 kwa jina jipya la wahamasishaji wa afya ya jamii, ikawapa mikoba ya vifaa, simu na ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, gharama ikigawanywa sawa kati ya serikali kuu na kaunti. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kazi inayoombwa, ingawa ni hatua bora kuliko sifa tupu, na mafunzo ya kusikiliza na kupeleka rufaa hayatadumu kama anayefunzwa ataacha kazi baada ya miezi michache kutafuta kibarua.

Julai 2020, siku zilezile Nairobi ilipofunguliwa, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliwasilisha ripoti iliyotaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kikwazo kimoja cha matibabu, hata hivyo, kilikuwa katika sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili, hivyo lile swali la 9 la hojaji lilikuwa, kwa maana halisi, likimwomba mgonjwa akiri nia ya kutenda kosa la jinai mbele ya mtumishi wa Serikali. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Kwa miaka yote ya korona kilikuwa bado kinatumika, na familia iliyomfikisha kijana zahanati akiwa amekunywa dawa ya kuulia wadudu ilikuwa na kila sababu ya kusema kwamba alidhani ni soda, naye muuguzi mwenye huruma alikuwa na kila sababu ya kuandika hivyohivyo. Kwa hiyo watafiti wanaozisoma leo rejista za mwaka 2020 na 2021 wakitaka kujua janga liliwaumiza Wakenya kiasi gani watakuta ndani yake sumu nyingi zilizonywewa kwa bahati mbaya, na hawatakuwa na njia ya kuzitenganisha.